Lusinga: Mkatili wa Marungu Ambaye Fuvu Lake Halijarudi

Tarehe 4 Desemba 1884, mabalozi wa Ulaya walikuwa katika wiki ya tatu ya mkutano wao mjini Berlin, wakipanga nani atafanya biashara wapi katika bonde la mto Kongo. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyealikwa. Siku hiyohiyo, upande wetu wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kikosi cha watu wenye bunduki kiliingia katika kijiji chenye boma kule kwenye milima ya Marungu, nyuma ya Mpala, kikampiga risasi mkuu wa kijiji hicho na kumkata kichwa. Watu zaidi ya 50 waliuawa, na zaidi ya 100 wakatekwa. Kichwa kikateremshwa hadi ufukweni, mahali Mto Lufuko unapoingia ziwani, kikakabidhiwa kwa Luteni Mbelgiji aliyekuwa akikisubiri.

Aliyekatwa kichwa aliitwa Lusinga. Luteni aliitwa Émile Storms. Anayetoka Kalemie kwa boti kwenda Moba hupita mbele ya Mpala, mahali ambapo wenyeji wanapaita Lubanda. Abiria wengi wanaopita pale na magunia yao ya unga na ndagala hawajui kwamba mbele yao ndipo ilipopangwa mojawapo ya safari ndefu kuliko zote zilizowahi kufanywa na kichwa cha mtu wa Tanganyika. Shuleni tulifundishwa habari za Stanley, tukafundishwa jina la Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, na la mwanajeshi aliyeianzisha, tukafundishwa meli za Wajerumani na Wabelgiji zilizopigana ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jina la Lusinga halikuandikwa ubaoni.

Nianze na lililo gumu. Lusinga hakuwa mtu mwema. Wako watu siku hizi ambao, kwa hasira ya haki juu ya ukoloni, humgeuza kila aliyeuawa na Mzungu kuwa shujaa wa taifa. Kwa Lusinga hilo halifai. Alikuwa mtekaji na muuzaji wa watu. Joseph Thomson, kijana Mskoti aliyekuwa na umri wa miaka 21 tu, alipita kwake mwaka 1879 akiongoza msafara wa Shirika la Kifalme la Jiografia la London, na maelezo aliyoyaacha yanamwonyesha mtawala wa kumwaga damu, ambaye majirani walihama kwa kumwogopa. Unaweza kusema Mzungu alitia chumvi, nami ningekubali kupunguza sehemu. Lakini Watabwa wenyewe, wenyeji wa Marungu, hawamkumbuki kuwa mpole. Wale aliowauza walikuwa watoto wa vijiji vya jirani, na walivushwa ziwa kama bidhaa.

Ili kumwelewa lazima tujue biashara ya zama zile. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na Ujiji, na nyuma ya Ujiji kulikuwa na Tabora, na mwisho wa njia Bagamoyo na Unguja. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, magobori na baruti. Kutoka huku zilitoka pembe za ndovu na watu. Chifu aliyewahi kupata baruti kabla ya jirani yake aliweza kumteka jirani, na kwa mateka hao akanunua baruti zaidi. Ni mzunguko uliojilisha wenyewe. Katika mzunguko huo cheo cha ukoo, ambacho kwa Watabwa hupita upande wa mama, hakikutosha tena. Mtu mwenye kikundi cha rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa, aliweza kuinuka kutoka uongozi wa kijiji kimoja hadi kutoza ushuru bonde zima. Lusinga aliinuka hivyo. Utawala wake uliota katika udongo wa bunduki.

Wala hakuwa peke yake. Mirambo wa Unyamwezi aliinuka kwa njia hiyohiyo, akaitikisa Tabora na kuogopwa na Waarabu. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, siku mbili tu kabla ya Lusinga kuuawa. Kusini-magharibi mwetu, Msiri, Mnyamwezi aliyekuja Katanga kufuata shaba na pembe, alijenga dola ya Wayeke na kuuweka mji wake Bunkeya, ambako wasafiri waliona mafuvu ya maadui yametundikwa juu ya miti ya boma. Yeye aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msafara huo ulikuwa umevuka ziwa letu kutoka Karema, upande wa mashariki, kuja pwani ya Mpala. Inasimuliwa kwamba kichwa chake pia kilikatwa.

Watawala wa namna hii hawana kabila wala bara. Nitatoa mfano mmoja wa mbali, kwa sababu unatusaidia kumpima Lusinga bila upendeleo. Mwaka 407, kaskazini mwa China, mtu wa Waxiongnu aitwaye Helian Bobo alianzisha dola aliyoiita Xia. Waxiongnu walikuwa watu wa farasi na mifugo wa nyika zile, na China ya wakati huo ilikuwa imevunjika vipande, kila mwenye jeshi akijitangaza mfalme. Bobo alijenga mji mkuu wake, Tongwan, kwa udongo ulioshindiliwa. Vitabu vya kale vinasema msimamizi wa ujenzi alipima ukuta kwa kuuchoma na msumari. Msumari ukizama kiasi cha inchi moja, fundi wa sehemu ile aliuawa na maiti yake ikafukiwa humohumo ukutani. Silaha nazo zilijaribiwa vivyo hivyo: mshale usipopenya deraya anauawa fundi wa upinde, ukipenya anauawa fundi wa deraya. Ama fundi huyu, ama yule. Hapakuwa na siku ambayo wote wawili walirudi nyumbani. Baada ya ushindi mmoja aliamuru vichwa vya maadui virundikwe kuwa kilima. Alifariki mwaka 425, na miaka miwili baadaye mji wake ulitekwa na dola ya Wei ya Kaskazini.

Sasa, ni akina nani waliotuandikia haya? Wengi wao ni waandishi wa dola zilizomshinda au zilizorithi washindi. Mfalme mmoja wa Wei alifikia hata kumbadilisha Bobo jina, akampa la kumdhalilisha, nalo likaingia katika historia rasmi ya Wei. Sisemi kwamba ukatili wake ulibuniwa. Nasema kwamba mkatili akishashindwa, aliyemshinda huwa na haja kubwa ya kuueneza ukatili ule, kwa sababu unamsafisha yeye. Kila damu aliyoimwaga mshindi inaonekana kama dawa.

Hilo ndilo lililotokea Mpala, tena tunayo maandishi ya kulithibitisha.

Storms alifika Karema mwaka 1882 kwa kazi ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ile iliyoundwa Brussels mwaka 1876 kwa wito wa Leopold wa Pili. Hadharani jumuiya ile ilihubiri sayansi na kukomesha utumwa. Kwa siri Storms alipewa kazi nyingine: kuvuka ziwa na kujenga vituo kuelekea magharibi, mpaka akutane na mlolongo wa vituo vya Stanley vilivyokuwa vikipanda kutoka Atlantiki, ili Leopold aweze kusema mbele ya Ulaya kwamba nchi yote ile ya katikati tayari ina mwenyewe. Mei 1883 alianzisha kituo chake kwa chifu Mpala, baada ya kuchanjiana damu naye. Akajenga boma kubwa, na wenyeji wakamwita Bwana Boma. Huko kwao baadaye walimpamba kwa jina la Mfalme Mkuu wa Tanganyika.

Mfalme Mkuu hana nafasi ya jirani anayejiita mkuu pia. Storms alianza kuwatiisha machifu wa Marungu mmoja mmoja: anayekubali anapewa bendera na ulinzi, anayekataa anachomewa kijiji. Askari wake walikuwa rugaruga walewale, watu wa Unyamwezi, wa Ujiji na wa pwani, wenye magobori yaleyale ya Lusinga. Kwa macho ya mkulima wa Lubanda aliyekuwa akipalilia muhogo wake, tofauti kati ya watu wa Bwana Boma na watu wa Lusinga lazima ilikuwa ndogo mno. Wote walidai chakula, wote walichoma nyumba, wote waliondoka na mateka. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia, na nyasi za milima ile zilikuwa zimekwisha kuungua mara nyingi.

Katika shajara yake ya Desemba 1883, yapata mwaka mmoja kabla ya mauaji, Storms aliandika kwamba kichwa cha Lusinga kingeweza siku moja kufika Brussels kikiwa na kikaratasi cha jina, na kwamba kingependeza katika jumba la makumbusho. Hapo Lusinga alikuwa hai, anakula, anatawala. Mtu anayekwenda kuwakomboa watumwa humfikiria mtumwa. Huyu alikuwa anafikiria kabati la vioo. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba Lusinga aliuawa kwa sababu alikuwa mfanyabiashara ya watu, nauliza: je, kichwa kilikatwa kwa sababu hiyo pia?

Kuhusu siku yenyewe masimulizi hayafanani. Kuna simulizi la Storms, la mwanajeshi anayeripoti ushindi. Na kuna simulizi la Lubanda, lililopita kwa vinywa vya wazee kizazi hadi kizazi. Allen Roberts, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi Lubanda katikati ya miaka ya 1970, aliyakusanya yote mawili na kuyasoma sambamba katika kitabu alichokitoa mwaka 2013. Katika kumbukumbu za wenyeji ngoma ina nafasi kubwa: wauaji walikuja wakicheza, na mkuu akatoka kuwatazama. Naona wazee walikuwa na jambo walilotaka tulisikie. Chifu aliyezoea kuvamia aliuawa kwa hila, na hila hiyo ilivaa nguo ya sherehe.

Kichwa kilisafishwa, kikawa fuvu, kikasafiri. Hakikwenda peke yake. Storms alichukua mafuvu matatu, la Lusinga na mengine mawili ya machifu Maribu na Mpampa. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé aliyawasilisha mbele ya Jumuiya ya Anthropolojia ya Brussels. Alipima mifupa kwa vyombo vyake, akatoa hitimisho kuhusu uduni wa watu wetu, hitimisho lililokuwa limeandaliwa hata kabla ya kipimo kushikwa. Hiyo ndiyo iliyoitwa sayansi. Chifu aliyeitetemesha Marungu akawa namba katika jedwali la kuthibitisha kwamba Leopold alikuwa na haki ya kututawala. Leo mafuvu hayo yapo katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia mjini Brussels.

Zaidi ya fuvu, Storms aliondoka na sanamu ya mti ya Lusinga. Hii ndiyo inayojulikana zaidi duniani, kwa sababu imeonyeshwa sana na inahesabiwa miongoni mwa hazina za jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Nimeitazama katika picha kwa muda mrefu. Ni mwanamume aliyesimama wima, mabega yametulia, macho yamefumbwa nusu. Nywele zimesukwa zikashuka mgongoni kama mkia mrefu. Usoni na mwilini kuna chale zilizopangwa kwa mistari, na katika sanaa ya Watabwa mistari ya namna hiyo mara nyingi hujipanga kuwa pembetatu za balamwezi, kuchomoza kwa mwezi mwandamo. Aliyeichonga alikuwa fundi mkubwa, na hakuchonga sura ya muuaji. Alichonga mzee wa ukoo, kiungo kati ya waliokufa na watakaozaliwa. Huenda Lusinga aliihitaji sanamu hii kuliko chifu yeyote wa jadi. Aliyejipatia utawala kwa baruti ana haja kubwa zaidi ya wahenga wa kumtolea ushahidi. Storms aliisimamisha nyumbani kwake Ubelgiji, pamoja na mikuki na ngozi, kama nyara ya mwindaji.

Ufalme wa Storms ulidumu muda mfupi. Mkutano wa Berlin ulimpa Leopold alichokitaka, mkataba ukatiwa saini Februari 1885, na njia ya mashariki ikakosa umuhimu. Storms akaitwa nyumbani. Karema na Mpala zikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, kisha akaja Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, kuwalinda kwa bunduki. Baada yake akaja mwanajeshi Mbelgiji, Jacques, na kuanzisha Albertville, akazingirwa mwaka 1892 na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara ya watumwa wa Ujiji. Storms alipanda cheo hadi jenerali, akafa mwaka 1918, na sanamu yake ya shaba ikawekwa katika bustani ya Ixelles, kwenye mji huohuo uliohifadhi fuvu la Lusinga.

Mambo yalianza kusogea mwaka 2018, mwandishi wa habari wa Ubelgiji, Michel Bouffioux, alipochapisha uchunguzi wake kuhusu fuvu hilo. Mwaka huohuo mkazi mmoja wa Lubumbashi anayejitambulisha kuwa wa uzao wa Lusinga alimwandikia Mfalme Philippe kuomba lirudishwe. Serikali ya Ubelgiji ikagharimia mradi wa watafiti, HOME, wa kuhesabu na kuchunguza mabaki ya watu yaliyomo katika taasisi zake.

Kisha ukaja mwaka 2022. Februari, Waziri Mkuu wetu alikabidhiwa orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren. Juni, Mfalme Philippe alizuru Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu. Tarehe 20 Juni familia ya Patrice Lumumba ilikabidhiwa jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, na nchi nzima ikasimama kulipokea na kulizika. Mwaka huohuo sanamu ya Storms iliondolewa katika bustani ya Ixelles. Na Julai Ubelgiji ikapitisha sheria ya kurudisha mali za kitamaduni zilizochukuliwa wakati wa ukoloni. Sheria hiyo inahusu vitu. Mabaki ya watu hayamo.

Hebu tulitazame hilo sawasawa. Sanamu ya mti ya Lusinga ina njia ya kisheria ya kuirudisha. Fuvu la Lusinga mwenyewe halina njia hiyo. Mti una mlango, mtu hana. Sijui ni bunge gani linaloweza kulieleza jambo hili kwa mama aliyezika mwanawe.

Wapo watakaouliza: kwa nini tumhangaikie mtu aliyeuza ndugu zetu? Swali ni la haki, hasa likitoka kwa watu ambao mababu zao waliuzwa naye. Jibu langu ni kwamba kuzikwa si tuzo. Kwetu hata mchawi aliyefukuzwa kijijini hufukiwa anapokufa, na hata mwizi hulazwa ardhini. Hukumu ya matendo yake ni yetu sisi, wajukuu wa aliowateka na wajukuu wa aliowatawala, na hatuwezi kuitoa ipasavyo wakati yeye yuko kwenye sanduku la taasisi iliyomchukua ili kuthibitisha kwamba sisi ni duni. Akirudi, mjadala wa utumwa wa Marungu utarudi naye, na ni vizuri urudi. Tuzungumze kwa uwazi kwamba waliouza watu hawakuwa Waarabu peke yao, wala waliokata vichwa hawakuwa Waafrika peke yao. Mpaka leo kazi hiyo tumewaachia watu wa nje.

Kuna swali lingine ambalo Brussels hupenda kulitanguliza: akirudi, apewe nani? Ni swali tunaloweza kulijibu hapahapa. Kwa Watabwa maiti ni ya ukoo, na ukoo huhesabiwa kwa mama. Si mtu mmoja mwenye barua, awe mkweli kiasi gani, wala si waziri wa Kinshasa, anayeweza kuamua peke yake. Wazee wa koo wapo Moba, wapo Mpala, wapo hapa Kalemie katika mitaa yetu. Waitwe waketi. Familia za Maribu na Mpampa nazo ziitwe, maana majina hayo mawili yamesahaulika zaidi hata kuliko Lusinga.

Tangu mwaka 2015 Tanganyika ni mkoa wenye gavana na bunge lake. Ombi langu ni dogo na linawezekana. Bunge la mkoa lipitishe azimio la kudai mafuvu matatu yaliyochukuliwa Marungu, azimio hilo lipelekwe Kinshasa ili serikali iliwasilishe kwa Ubelgiji kama dai la nchi, na somo la Lusinga na Storms liingizwe darasani kuanzia Kalemie hadi Moba, likiwa na uovu wa wote wawili bila kupunguza. Na wewe msomaji uliye na babu au bibi wa Lubanda, mwulize wiki hii alisikia nini kuhusu siku ile ya ngoma, kisha uyaandike maneno yake kama alivyoyasema.